Kumlisha mgonjwa wa kiharusi asiyetarajiwa kupona

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, nazunguka majumbani. Familia nyingi zimeshaambiwa hospitalini kwamba mzee hatainuka tena. Wakifika naye nyumbani swali la kwanza huwa ni chakula, basi nianzie hapo.

Usimlishe akiwa amelala chali. Mkalishe, mito mgongoni na upande uliopooza, kidevu kiinamie kifua kidogo. Akisinzia, subiri. Tumia kijiko cha chai, nusu tu, upitishie upande wenye nguvu. Tazama koo: likishapanda na kushuka ndipo uongeze. Maji na chai hupalia upesi kuliko uji mzito au ndizi iliyopondwa. Mkimaliza, mulika ndani ya shavu lililolegea kwa tochi ya simu. Mara nyingi utakuta chakula kimebaki pale na mgonjwa hana habari nacho. Kitoe kwa kitambaa laini. Abaki ameketi nusu saa.

Akikohoa kila kijiko, au sauti ikawa ya majimaji, acha. Chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia. Hapo ndipo shangazi aliyetoka safari husema, "Mnamuua kwa njaa." Shangazi, shikamoo, huruma yako naielewa. Lakini mwili unaoelekea mwisho hautaki chakula kama zamani, na kumlazimisha ni kumtesa. Kama mnataka kumfanyia jambo, mlowanisheni kinywa kwa kitambaa safi kilichokamuliwa, mara kwa mara, na midomo ipakwe mafuta ya mgando. Hiyo nayo ni kumhudumia, tena kukubwa.

Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, hata usiku, kwa zamu. Msimvute kwa mkono uliopooza, bega litateguka.

Asiyeweza kusema anaumwa, msomeni uso: anakunja ndita, anaguna akigeuzwa. Waelezeni wahudumu mlichokiona. Mofini ya maji ni ya maumivu makali, na ikipimwa sawasawa haimharakishi mtu kufa. Hufunga choo, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Wenzetu Uganda tangu 2004 wanawaruhusu wauguzi waliosomea shufaa kuandika mofini wenyewe, jambo ninalolitamani kila muuguzi wa vijijini alipate.

Shehe au padri aitwe mapema. Na mazungumzo ya shamba, madeni na mahali pa kuzika yafanyike uani, mbali na kitanda. Kutoweza kusema si kutosikia.