Kufunga mzigo kwenye keria ya nyuma ili usicheze njiani

Juzi nilimsaidia rafiki kufunga mzigo wa safari yake ya kwanza ndefu ya baiskeli. Alikuja na kamba za mpira zenye kulabu. Nilimwambia aziache nyumbani. Sababu iko hatua ya 3.

1. Kaza nati zote za keria, hasa mbili za chini karibu na ekseli. Angalia uzito ulioandikwa kwenye keria. Nyingi hubeba kilo 25, na maji ya kunywa nayo ni uzito.

2. Vizito viingie mifuko ya pembeni, chini kabisa, pande zote zilingane. Hema na vyepesi vingine vikae juu. Zungusha pedali: kisigino kisiguse mfuko.

3. Sasa kufunga. Kamba ya mpira hutanuka kila gurudumu likipiga shimo, mzigo unasogea kidogo, mwisho kulabu inachomoka. Yangu ilichomoka kwenye mteremko ikanasa kwenye gurudumu. Spoki mbili zilikatika, rimu ikapinda, nikashinda kando ya njia hadi jioni nikiinyoosha.

Tumia mikanda bapa yenye bizimu. Mmoja upite mbele ya mzigo, mwingine nyuma, na kila mmoja uzungushe mara moja kwenye chuma cha keria kabla ya kuupandisha, la sivyo utateleza. Wa tatu upite kwa urefu, maana kwenye mlima mzigo hurudi nyuma. Gandamiza kwa kiwiko huku unavuta.

Halafu shika mzigo wenyewe, siyo baiskeli, uutikise. Baiskeli nzima ikitikisika nao, sawa. Ukicheza peke yake, fungua uanze upya, hata kama jua linapanda.

Usiache mikia ya mikanda ikining'inia; nayo huingia kwenye spoki au cheni. Ikunje uibane kwa pete iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Huo ndio mpira pekee ninaouruhusu kwenye keria yangu. Na kama mikanda ni ya nailoni, ikilowa hulegea, kwa hiyo kaza tena mvua ikinyesha. Ya poliesta haisumbui sana.

4. Taa ya nyuma isizibwe.

5. Baada ya kilomita tano hivi, simama ukaze tena, kwa sababu hema hushindiliwa na mtikisiko. Koti la mvua lichomeke chini ya mkanda wa mbele, ulichomoe bila kufungua kitu.