Namna ya Kuishi kwa Kazi ya Sanaa ya Jamii na Hifadhi ya Mazingira Nyanda za Juu Kusini

Kijana wa Iringa, Njombe au Mbeya anayetaka sanaa ya jamii na hifadhi ya mazingira ziwe kazi ya kumlisha hana budi kuanza na jambo ambalo wengi huliruka, nalo ni kuchagua eneo moja na mvutano mmoja. Mazingira kwa ujumla wake hayaigiziki wala hayachoreki. Kinachoigizika ni bonde fulani, chemchemi fulani, na watu wasioelewana kwa sababu yake.

Chukua mfano wa vinyungu. Bustani hizi za mabondeni, ambazo hulimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini, zimelisha na kusomesha kaya nyingi za Iringa na Njombe, ilhali Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli za kudumu za binadamu na zile zinazoweza kuuharibu. Huko chini Mto Ruaha Mkuu, unaopita Usangu na kuelekea bwawa la Mtera, ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993. Kila upande una hoja yenye uzito, na hapo ndipo igizo linapozaliwa.

Somo hilo nililipata kwa aibu. Igizo la kwanza la kikundi chetu lilimfanya mwenye kinyungu kuwa mlevi mwenye panga, na kabla halijafika nusu watazamaji wengi walikuwa wameshaondoka. Mama mmoja aliyebaki alituuliza, kwa upole uliouma kuliko matusi, ada zetu za shule zilitoka wapi. Kesho yake tulirudi kwake bila ngoma, tukiwa na kamba ya katani tuliyoipima mita 60, tukaivuta kutoka ukingoni mwa mto hadi ikaisha: ilikuwa imemeza kinyungu chake chote na nusu ya cha jirani yake. Igizo la pili tulilikatiza mahali ambapo kamba inafika mwisho, tukawaachia wanakijiji waingie uwanjani kuonyesha nini kifuate, na mjadala ukaendelea hadi giza likaingia. Mbinu hiyo si yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitumia kijijini Malya, mkoani Mwanza, ambako uchunguzi wa matatizo ulitangulia na wanakijiji wenyewe wakashiriki kuyaigiza na kuyajadili.

Kuhusu mafunzo, upande wa sanaa unaweza kusomewa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, au katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Upande wa mazingira, kwa maoni yangu, hauhitaji shahada ili kuanza, ila unahitaji unyenyekevu wa kuandamana na afisa misitu, kuhudhuria vikao vya jumuiya ya watumia maji, na kuuliza maswali katika Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, ambayo makao yake yako Iringa mjini. Msanii anayehimiza watu wapande miti bila kujua kwamba mikaratusi haifai kupandwa kwenye chanzo cha maji ataumbuliwa na mkulima wa kwanza atakayenyoosha mkono.

Usidhani pia kwamba kazi hii ni ya jukwaani tu. Vikapu vya Iringa husukwa kwa milulu, majani marefu yanayoota penye majimaji, na bonde likikaushwa msusi ndiye wa kwanza kujua, kwa kuwa humlazimu kwenda mbali zaidi kuitafuta. Mtu anayewaunganisha wasusi ili wakate milulu kwa zamu na kuiacha ichipue anafanya sanaa na hifadhi kwa mkono mmoja. Karakana ya Neema Crafts, iliyoanzishwa Iringa mwaka 2003 ili kuwapatia kazi watu wenye ulemavu, imewahi kutengeneza karatasi hata kwa kinyesi cha tembo.

Fedha zina taratibu zake. Afisa utamaduni wa wilaya atakuelekeza namna ya kusajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na kazi zako zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kikundi chenye katiba na akaunti ya benki kinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Huo ni mkopo, si zawadi; uelekezeni kwenye vikapu vinavyouzika, kwa sababu igizo halirejeshi marejesho ya kila mwezi. Mkiandika mchanganuo wa onyesho, tajeni siku za kukaa kijijini, mazoezi, nauli na posho, maana wateja wengi hudhani wanalipia saa moja ya ngoma.

Kalenda nayo iheshimiwe. Mvua za huku hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, hivyo Wiki ya Maji, ambayo kilele chake ni Machi 22, hukukuta kwenye matope na watu wakiwa mashambani. Ziara za vijijini zipangwe kuanzia Juni, baada ya mavuno, na mwezi Agosti bidhaa zipelekwe Nanenane katika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya.

Mfadhili atakapouliza kazi imebadilisha nini, idadi ya watazamaji haitoshi. Sisi hurudi kila Juni na kamba ileile, tukapiga picha tukiwa tumesimama kwenye jiwe lilelile, na kuandika kilichoota kati ya maji na mwisho wa kamba, kiwe milulu au kabichi.