Mbegu yako ya akiba inachavushwa na shamba la nani?

Mahindi yakikomaa, menya hindi moja jeupe hapo shambani ulitazame punje kwa punje. Ukikuta punje tatu nne za njano zimejitokeza hapa na pale, usimlaumu aliyekuuzia mbegu. Hiyo ni chavua, yaani unga wa maua ya kiume, ya mahindi ya njano ya jirani, imepeperushwa na upepo ikatua kwenye ndevu za hindi lako, na rangi yake huonekana msimu huohuo. Jirani akiwa amepanda meupe, mchanganyiko ni uleule, ila huuoni.

Kwenye mvua haba hili si jambo dogo. Katumani, mbegu iliyotokea kituo cha utafiti karibu na Machakos, ilitengenezwa iwahi mvua fupi za Ukambani, nayo hukomaa kwa siku 90 hadi 120. H614, mahindi chotara (yaliyozalishwa kwa kuvusha aina tofauti) ya nyanda za juu, kule Kitale, hukaa shambani miezi sita na zaidi. Kila moja ni bora kwao. Mbegu ya kienyeji uliyorithi kwa mama nayo imechujwa na ukame miaka na miaka: mimea iliyochelewa ilikauka bila kubeba, iliyowahi ikaacha uzao. Sasa majirani wakipanda chotara za muda mrefu, kila msimu upepo unakurudishia ule uchelewaji ambao ukame uliuondoa.

Piga hesabu. Tuseme punje 10 katika kila 100 zimechavushwa na shamba la nje. Kila moja ina nusu ya vinasaba vya baba mgeni, hivyo asilimia 5 ya mbegu yako tayari ni ya wengine. Hali ikiendelea hivyo misimu kumi, ambayo Ukambani ni miaka mitano, na ukame usichuje chochote, unakaribia asilimia 40. Ukame huchuja, ndiyo, lakini mwaka wa mvua nzuri karibu kila mmea hupona.

Na mwaka huohuo wa neema ndipo tunapojiharibia wenyewe. Tunaingia ghalani, tunachambua mahindi manene kuliko yote, tunasema hii ndiyo mbegu. Mahindi yale manene mara nyingi ni ya mimea iliyochelewa au iliyochanganyika na chotara, ikanufaika na mvua ndefu. Mbegu ichaguliwe mimea ikiwa bado imesimama. Pita shambani ndevu zinapoanza kutoka, ufunge kitambaa kwenye mimea iliyotangulia na yenye afya. Inayotoa ndevu mwisho ndiyo hukutana zaidi na chavua ya mahindi ya muda mrefu. Mmea usiofanana na wenzake ukate mbelewele, ua la kiume la juu, kabla haijamwaga chavua.

Wazalishaji wa mbegu hutenga shamba lao mita 200 au zaidi kutoka mahindi mengine. Mwenye ekari mbili atazitoa wapi? Habari njema ni kwamba chavua ya mahindi ni nzito, na nyingi huanguka ndani ya mita 20 hadi 30. Kwa hiyo acha mistari ya pembeni iliwe, hasa upande unaotoka upepo, na mbegu itoke katikati. Ushauri wa kuchelewesha kupanda ili maua yasikutane siupendi kwa nchi kavu: unaikwepa chavua, unaikosa mvua. Afadhali mkubaliane majirani wawili watatu kupanda aina moja upande mmoja.

Usije ukabana mno ukachukua mbegu kwenye mahindi matano tu. Mahindi yakizaana yenyewe kwa yenyewe hudhoofika haraka. Changanya punje za mahindi yasiyopungua 100.

Uwele nao huchavushwa na upepo, uutunze vivyo hivyo. Mtama hujichavusha kwa sehemu kubwa, ila mtama mwitu ukiota mpakani ung'oe kabla haujachanua. Kunde na maharagwe hayana shida hii sana. Hayo unaweza kuyapanda hata ukutani kwa jirani.