Plaza de Mayo siku ya Alhamisi: namna ya kufika na kuusoma uwanja

Ukiwa Buenos Aires, Argentina, nenda Alhamisi. Panda treni ya chini ya ardhi, njia A, ushuke kituo cha mwisho, Plaza de Mayo, kabla ya saa tisa na nusu alasiri. Ndipo akina Mama wa Plaza de Mayo, kundi la kina mama ambao watoto wao walipotezwa na utawala wa kijeshi, huanza kuuzunguka mnara mweupe wa katikati, uliojengwa 1811.

Kwanza tazama chini. Vitambaa vyeupe vya kichwani, alama ya kina mama hao, vimechorwa sakafuni. Usivikanyage kwa ajili ya picha. Vya kwanza walivyovaa vilikuwa nepi za watoto.

Wageni wengi hudhani ni gwaride, wakabaki pembeni. Si gwaride hata kidogo. Tarehe 30 Aprili 1977 wanajeshi walikuwa madarakani na mikusanyiko imepigwa marufuku. Polisi wakawaamuru kina mama wasisimame, watembee. Wakatembea, wakidai watoto wao waliotekwa na kupotezwa. Basi ingia nyuma ya msafara, ufuate mwendo wao wa polepole. Majina ya waliopotezwa yakisomwa, shusha kamera.

Mwisho, lipe mgongo jengo la Cabildo, baraza la mji la enzi ya ukoloni: ikulu, Casa Rosada, iko mbele yako, upande wa mashariki. Madai yote yalielekezwa huko.