Kumtambua mapema mgonjwa wa Ebola aliye hatarini kufa
Usisubiri damu ionekane. Wengi hufa bila kuvuja damu ya wazi. Anza na PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta virusi kwenye damu: Ct (idadi ya mizunguko ya mashine hadi virusi vionekane) ya 22 au chini (ndogo ndiyo mbaya) ina maana virusi vimejaa mwilini, na hatari hupanda sana. Ila usilinganishe Ct za mashine mbili tofauti.

Kisha figo. Pima mkojo kila saa: ukishuka chini ya mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa huku kreatinini (taka ya damu ambayo figo huichuja) ikipanda, mhamishie kitanda cha uangalizi wa karibu. AST (kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu) ya juu huonyesha ini limeumia. Kuchanganyikiwa, kwikwi na kuhema haraka visipuuzwe, hasa kwa wazee na watoto wachanga. Rudia vipimo kila siku. Kreatinini ya siku ya kwanza hudanganya.