Poda ya kushusha potasiamu: namna ya kuinywa bila kuuponza utumbo

Juzi kijana mmoja wa Kayole alinijia wodini na mkebe mkononi. Mamake figo zimeshindwa, husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na amepewa poda ya kushusha potasiamu, madini ambayo figo zake hazitoi tena; kijana alidhani poda ile ni kama glukosi: koroga, kunywa, basi. Nikamwandikia haya.

1. Pima kipimo alichoandika daktari. Mara nyingi ni gramu 15.

2. Koroga kwa maji baridi, mililita 45 hadi 60 kwa gramu 15. Juisi ya machungwa hapana, ina potasiamu tele. Anywe ameketi wima, na maji hayo yahesabiwe kwenye kiwango cha maji alichopimiwa kwa siku.

3. Uliza choo kabla ya kila dozi. Hapa ndipo nilipoumbuka. Mzee mmoja alimeza dozi siku nne bila kwenda haja; mimi niliuliza kila kitu isipokuwa hilo, naye aliona haya kumtajia msichana wa rika la bintiye. Nilipomgusa, tumbo lilikuwa gumu kama meza.

Poda hii haiingii kwenye damu. Huinasa potasiamu utumboni na kutoka nayo chooni. Choo kisipotoka, hukauka pamoja nayo, na kwa wachache ukuta wa utumbo hupata vidonda, hata nyama yake ikafa. Wagonjwa wa figo wako hatarini zaidi: maji wanapimiwa, matunda wamepunguziwa, na vidonge vya madini ya chuma vinafunga choo.

Zamani poda ilichanganywa na sorbitoli, aina ya sukari inayolegeza choo, ili mtu aharishe. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilishauri isichanganywe, ingawa utumbo umewahi kuharibika hata bila sorbitoli. Kwa hiyo ukiikuta sorbitoli nyumbani, usiiongeze kwenye poda kwa akili yako. Binafsi napenda laktulozi, dawa ya maji ya kulainisha choo, daktari akiiandika. Dawa za tumbo zenye magnesia msiguse. Figo haziwezi kuitoa.

Siku mbili bila choo? Simamisha dozi, mpigie daktari. Kijana wa Kayole anaweka alama ya kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani kila mamake aendapo choo.

4. Dawa nyingine za kumeza ziachane na poda kwa muda wa saa tatu, kabla au baada.

5. Tumbo likivimba, likiuma sana, au choo kikiwa na damu, acha poda, nendeni hospitali usiku huohuo. Choo cheusi kinaweza kuwa cha vidonge vya chuma, lakini aamue daktari, si jirani. Na moyo ukienda mbio au miguu ikilegea ghafla, huenda potasiamu imepanda mno; msikoroge chochote: poda huchukua saa nyingi kufanya kazi. Tafuteni gari.