Jinsi ya kutambua chanzo cha mkwaruzo katika gurudumu la mbele

Gari linapoanza kutoa sauti ya kusagika upande wa gurudumu la mbele, wamiliki wengi hulipeleka gereji na kueleza tu kwamba "linalia", na fundi mwenye foleni ya magari huanza kubadilisha kifaa anachokidhania, kisha kingine, hadi sauti ikome. Njia hiyo ni ghali, hasa kwetu Mtwara na Lindi, ambako baadhi ya spea hulazimika kuagizwa Dar es Salaam na kusubiriwa zifike kwa basi. Ni afadhali dereva mwenyewe aichunguze sauti hiyo kabla gurudumu halijaguswa, kwa kuwa gari likishapandishwa jeki na kusimama, hakuna tena namna ya kujua sauti huongezeka wakati gani na hupungua wakati gani.

Anza kwa kuliendesha gari kwenye lami tulivu, isiyo na msongamano. Kwa aliyeko Mtwara mjini, barabara ya kwenda Mikindani asubuhi na mapema inafaa. Zima redio na feni, fungua madirisha, kisha uende mwendo wa kilomita 40 hadi 60 kwa saa. Jiulize maswali matatu: je, sauti hubadilika ninapokanyaga breki? Je, hubadilika ninapopinda kidogo kulia au kushoto bila kupunguza mwendo? Je, husikika tu ninapokata kona kali polepole? Ukipata majibu hayo umekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi.

Mkwaruzo unaotokea au kuongezeka unapokanyaga breki kwa kawaida humaanisha kwamba pedi (vibao vya breki) zimekwisha na chuma cha mgongo wa pedi kinasaga diski, yaani sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu na kubanwa na pedi. Pedi nyingi hutoa onyo mapema kwa mlio mwembamba, unaotokana na kibati kidogo kilichowekwa makusudi ili kiguse diski pedi inapokaribia kwisha. Mlio huo ukipuuzwa, baadaye hufuatwa na mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma. Pedi mpya ya gari dogo huwa na unene wa takriban milimita 10, na ikibaki milimita 3 inapaswa kubadilishwa. Unaweza kuchungulia kwa tochi kupitia matundu ya rimu, lakini usiridhike na pedi ya nje peke yake. Kalipa (vibanio vinavyokandamiza pedi kwenye diski) za magari mengi madogo huteleza juu ya pini, na pini hizo zikikauka grisi au zikishika kutu, jambo ambalo hewa ya chumvi ya pwani yetu hulichochea, kalipa hushindwa kuteleza na pedi ya ndani huisha peke yake huku ya nje ikionekana nzima kabisa. Hapa ndipo watu wengi wanapopotoka, na kwa hiyo nasisitiza kwamba gurudumu livuliwe na pedi zote mbili zitazamwe. Pitisha ukucha juu ya diski iliyokwisha kupoa, kutoka karibu na kitovu kuelekea ukingoni. Ukucha ukipita bila kukwama, diski ni salama; ukikwama katika mifereji, au ukikuta ukingo umesimama kama mdomo wa kikombe, mwambie fundi aipime unene, kwa maana kiwango cha chini kinachoruhusiwa aghalabu huwa kimechorwa kwenye diski yenyewe.

Mkwaruzo mwepesi wa asubuhi ni jambo jingine. Gari lililolala nje Shangani au pengine popote karibu na bahari, hasa baada ya mvua au kuoshwa, huamka na utando wa kutu juu ya diski, na utando huo hufutika baada ya kukanyaga breki mara chache. Usibadilishiwe pedi kwa sababu hiyo.

Sauti ikianza ghafla baada ya kupita barabara ya changarawe au ya vumbi, kama zile ambazo magari huzitumia kuingia vijijini Tandahimba wakati wa msimu wa korosho, na ikawa ya kukereketa kwa nguvu bila kujali breki, shuku kokoto iliyonasa kati ya diski na bati la kinga lililo nyuma yake. Rudi nyuma polepole mita chache; mara nyingi kokoto hudondoka yenyewe. Isipodondoka, vua gurudumu uitoe, na kama bati limepinda hadi kugusa diski, lisogeze taratibu kwa bisibisi.

Beringi, yaani kifaa kilicho katikati ya gurudumu kinacholiwezesha kuzunguka kwa wepesi, ikichoka husikika kwa namna nyingine: ni mvumo unaokua kadiri mwendo unavyoongezeka, na baadaye hugeuka kusagika. Ukipinda kulia uzito huegemea gurudumu la kushoto, kwa hiyo mvumo ukiongezeka hapo, shuku beringi ya kushoto, na kinyume chake. Ili kuhakikisha, simamisha gari mahali pagumu, na kama huna budi kutumia ardhi yetu ya kichanga, weka ubao mnene chini ya jeki. Vuta hendibreki, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, na uegemeze gari kwenye stendi kabla ya kuingiza mkono. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi au boli jointi (kiungo kinacholiruhusu gurudumu kupinda na kupanda-kushuka) imelegea. Likicheza unaposhika kulia na kushoto tu, tazama kwanza tairodi, yaani fimbo inayounganisha usukani na gurudumu. Kisha weka kiganja kwenye springi huku mkono mwingine ukizungusha tairi: beringi mbovu hutetemesha springi hata pale ambapo sikio halisikii kitu.

Sauti ya kugonga-gonga unapokata kona hadi mwisho wa usukani hutoka kwenye jointi ya shafti, yaani kiungo cha fimbo inayopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu. Tazama raba inayoifunika. Ikiwa imepasuka na grisi imetapakaa upande wa ndani wa rimu, jibu umelipata.

Chuma kikishaanza kusaga diski, au tairi likicheza mkononi, gari lisiendeshwe tena hadi litengenezwe. Aliyeko Newala asithubutu kuteremka nalo kuelekea Masasi, kwani mteremko wa kutoka uwanda wa Makonde huzipasha breki moto kwa muda mrefu, na breki dhaifu hushindwa hapo hapo.

Ukifika gereji, mweleze fundi ulichokisikia na wakati kilipobadilika, kwa mfano: "Fundi, inavuma kuanzia hamsini, nikipinda kulia inazidi, breki haziibadilishi." Pedi zibadilishwe kwa magurudumu yote mawili ya mbele, na pini za kalipa zisafishwe na kupakwa grisi ya breki. Beringi ishindiliwe kwa mashine, isigongwe kwa nyundo, kwa sababu inayogongwa huharibika kabla haijatumika. Nati zikazwe kwa kupishana, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100; anayetoka Mtwara kwenda Lindi anaweza kufanya hivyo njiani. Katika safari za mwanzo, kanyaga breki mpya kwa upole na mapema, ili pedi na diski zipate kuzoeana.